Seli hazina mawazo, Ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nimelinunua gazeti lako kwa miaka 22 bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari ya ukurasa wa afya ya Jumanne ya wiki iliyopita, yenye kichwa cha herufi nene: "Msongo wa mawazo watia makovu utumboni." Bila shaka unaikumbuka, maana ndiyo iliyopambwa kwa picha ya mwanamke aliyejishika kichwa. Kichwa, si tumbo.

Mimi ni mgonjwa wa Crohn, ugonjwa wa uvimbe wa kudumu wa utumbo, ulioelezwa mwaka 1932 na madaktari watatu wa Hospitali ya Mount Sinai, New York, ukapewa jina la mmoja wao, Burrill Crohn. Nimeishi nao miaka 14. Miezi sita ya mwanzo nilimeza dawa za kifua kikuu cha utumbo, na kwa hilo simlaumu mtu, kwa sababu magonjwa hayo mawili hupenda kukaa mahali pamoja, pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, na yote mawili huweza kuacha makovu. Baadaye utumbo uliziba, nikapasuliwa na kukatwa kipande.

Habari yenyewe, kwa anayejaliwa kufika aya ya nne, haizungumzii mawazo ya mtu yeyote. Inazungumzia seli. Utumbo umetandazwa kwa ndani safu moja tu ya seli, ambazo huchakaa na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Kila moja ina karakana yake ya kukunja protini, na zile zinazotoa ute hazipumzishi karakana hiyo usiku wala mchana. Uvimbe usiokwisha, vijidudu au hitilafu za jeni vikiielemea, protini zilizokunjwa vibaya hurundikana na seli huanza kutoa ishara za dhiki. Hali hiyo ikidumu, baadhi ya seli hufa, na ishara zake huweza kuziamsha seli ziitwazo fibroblasti, zilizo chini ya utando, ambazo kazi yake ni kuziba majeraha kwa nyuzi za kolajeni. Nyuzi zikizidi, ukuta wa utumbo hunenepa na kukakamaa, na njia ya chakula husinyaa. Kwa bahati mbaya, neno ambalo Waingereza hulitumia kwa kuelemewa huko kwa seli, "stress", ndilo hilohilo wanalolitumia kwa mtu mwenye madeni. Mwandishi wako akachukua maana ya pili, akaongeza "mawazo" kwa mkono wake, kisha akalifuta neno "huenda", ambalo watafiti huliweka kwa makusudi kwa sababu jambo hili bado linachunguzwa.

Utasema ni neno moja tu. Sikiliza basi neno hilo moja lilivyofanya kazi. Jumamosi iliyofuata tulikuwa na kikao cha harusi ya mpwa wangu, na kabla ajenda ya michango haijamalizika dada yangu mkubwa alisimama, akalitoa gazeti lako kwenye mkoba, akasoma kichwa cha habari kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu, kisha akasema: "Sasa tumejua kilichomkata mdogo wangu utumbo. Ni mawazo. Na mawazo hayaokotwi barabarani, mtu huyakuta nyumbani kwake." Watu zaidi ya 30 walimgeukia mke wangu, aliyekuwa akiandika orodha ya ahadi. Mwanamke huyu, Ndugu Mhariri, kwa miaka 14 amechuja maharage kwa chujio la chai ili maganda yasinidhuru, amelala kwenye benchi la nje ya wodi wiki nzima nilipopasuliwa, na anajua saa za dawa zangu kuliko ninavyozijua mimi. Aliweka kalamu chini, akafunga daftari, akatoka. Mpaka leo hajazungumza na wifi yake, na mimi, niliyejaribu kueleza habari za protini mbele ya kikao cha harusi, niliambiwa nisimtetee. Sikatai kwamba wasiwasi humzidishia mgonjwa maumivu. Nimeyaona hayo kwangu mwenyewe. Lakini kovu langu halikuletwa na maneno ya mke wangu, na hakuna aya hata moja ya habari ile iliyosema hivyo.

Tena, kwa kuwa nimeshaanza, chini ya habari hiyohiyo mlichapisha tangazo la unga wa "kusafisha utumbo na kuyeyusha makovu yote". Hata dawa kali tunazotumia hutuliza uvimbe tu. Kovu lililokomaa haziliyeyushi, ndiyo maana penye mfinyo hupanuliwa kwa puto au hukatwa kabisa. Unga wenyewe, kwa maelezo ya tangazo, ni pumba na mbegu za kusaga. Mtu mwenye utumbo uliosinyaa akifuata ushauri huo, utumbo wake unaweza kuziba. Mimi sahani moja tu ya makande ilinilaza kitandani siku tatu. Je, dawati la matangazo na dawati la afya hawasalimiani asubuhi?

Pendekezo langu ni dogo. Wekeni kopo juu ya meza ya waandishi wa afya, na kila anayeandika "msongo wa mawazo" kabla ya kujiuliza ni mawazo ya nani atie shilingi 2,000. Seli ziandikwe "zilizoelemewa". Kila aliyewahi kubeba mzigo atalielewa neno hilo. Sahihisho litoke ukurasa uleule, kwa herufi za unene uleule, si kwenye kona ya chini karibu na matokeo ya bahati nasibu, na picha safari hii iwe ya utumbo. Kikao kijacho ni Jumamosi hii saa kumi alasiri, na dada yangu hununua gazeti asubuhi. Sahihisho likitoka Jumapili, halitanifaa kitu.

Msomaji wenu,
Tanga