Dume mkubwa, mbona watoto wake wa kawaida?

Hili swali wateja wanatuuliza sana sisi tunaowasaidia wafugaji kuchagua kondoo wa kuzalisha, hasa wale waliochagua dume kwa macho. Mtu anasema nilichukua kondoo dume mkubwa kuliko wote zizini, kifua kipana, miguu imara, sasa wanakondoo wake mbona hawana tofauti na wa mwaka jana? Na ana haki ya kuuliza, hela yake imetoka.

Iko hivi ndugu mfugaji. Ule ukubwa unaouona umetokana na mambo mawili, jeni (vinasaba anavyorithi kwa wazazi) alizozaliwa nazo na maisha aliyoishi. Labda alizaliwa peke yake akanyonya maziwa yote mwenyewe, labda mama yake alikuwa na maziwa ya kutosha, labda aliwekewa chakula cha ziada wenzake wakabaki na majani makavu, na hayo yote hawezi kumpa mtoto hata kidogo. Kwa uzito wa wakati wa kuachishwa kunyonya, tofauti unazoziona kati ya kondoo mmoja na mwingine mara nyingi ni kama asilimia 10 hadi 30 tu ndiyo inayotoka kwenye jeni zinazorithishwa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme wakati wa kuachishwa kunyonya kundi lilikuwa na wastani wa kilo 18 na dume uliyempenda alikuwa na kilo 24, yaani kawazidi wenzake kilo 6. Tukichukua kurithika kwa asilimia 20, katika hizo kilo 6 zinazotokana na jeni ni kilo 1.2, halafu mtoto anachukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo kama majike wako ni wa wastani unategemea nyongeza ya gramu 600 kwa kila mwanakondoo. Basi! Ndo maana huoni maajabu msimu wa kwanza. Ila usizidharau hizo gramu 600, maana dume mmoja anazaa na majike 30 mpaka 50 kwa msimu, na mabinti utakaowabakiza wanazibeba kwenda mbele, ukichagua vizuri tena na tena zinajumlishana.

Ndiyo sababu sisi tukija kwako tunakuja na mizani na daftari, na tunataka tarehe ya kuzaliwa. Chukua wanakondoo wawili, mmoja kazaliwa peke yake na kilo 4, siku ya 100 ana kilo 20. Mwingine ni pacha, kazaliwa na kilo 3, siku ya 80 ana kilo 17. Kwa macho kila mtu atachukua wa kwanza. Lakini wa kwanza kakua gramu 160 kwa siku, pacha gramu 175, na ukiwaweka wote kwenye siku ya 90 wa kwanza anakuwa na kilo 18.4 na pacha karibu 18.75, tena huyo pacha alikuwa anagombania chuchu na mwenzake. Sisi tungebakiza pacha, bila kusita. Na mlinganishe na waliokua naye kundi moja msimu mmoja, siyo na kondoo wa jirani ambao wanakula vingine kabisa.

Wengine wanatuuliza kama kuna jeni moja ya kukuza nyama wanunue hiyo yamalizike. Zipo chache zenye nguvu, kwa mfano kondoo wa Texel, asili yao Uholanzi, wengi wao wana badiliko kwenye jeni ya mayostatini, ile inayozuia misuli isikue kupita kiasi, na badiliko hilo linailegeza breki hiyo, watafiti walilieleza mwaka 2006. Lakini kasi ya kukua kwa ujumla inabebwa na jeni nyingi sana, kila moja inachangia kidogo, kwa hiyo kipimo cha jeni moja hakiwezi kukwambia dume mzima yukoje.

Kitu kinachotuuma kweli ni dume kukaa zizini mpaka anapanda mabinti zake. Mtoto wa baba na binti anakuwa na asilimia 25 ya uzazi wa ndugu, yaani kwa wastani kwenye robo ya jeni zake amepata nakala ileile mara mbili kutoka kwa dume huyohuyo, na hapo wanakondoo wanaanza kuzaliwa dhaifu, wanakua polepole, vifo vinaongezeka, mfugaji anadhani ni ugonjwa. Tofauti za jeni zikiisha kundini hata uchaguzi unakosa cha kuchagua. Binti anaweza kushika mimba akiwa na miezi 6 au 7, kwa hiyo watenge mapema, na dume mbadilishe kabla hawajaanza kupandwa.

Kama una madume zaidi ya mmoja kundi moja na hujui mtoto ni wa nani, usikisie kwa rangi. Tunachukua kipande kidogo cha sikio wakati wa kuweka hereni, kinapimwa vinasaba, na sampuli za madume wote lazima ziwepo, hata yule unayetaka kumuuza wiki ijayo, hivyo tuite kabla hajaondoka.