Nyimbo za tamthilia zisifutwe

Mhariri,

Mwezi uliopita binti yangu wa kidato cha pili aliazimwa flashi na mwenzake, ndani mna Dawson's Creek, tamthilia ya vijana ya Marekani iliyorushwa kuanzia 1998 hadi 2003. Niliipenda mno nilipokuwa na umri wake. Nikaacha kukuna nazi nikasogea niusikie wimbo wa mwanzo. Ukaanza mwingine kabisa. Nikamwambia, "Huo sio." Akanijibu, "Mama, ndio huu huu, kila sehemu inaanza na huu."

Wimbo ninaoujua mimi ni "I Don't Want to Wait" wa Paula Cole. Aliokuwa akiusikia binti yangu ni "Run Like Mad" wa Jann Arden. Si wimbo mbaya, na mwimbaji ana sauti nzuri, ila sio ule. Nilipofuatilia nikaelewa: mikataba ya nyimbo iliandikwa kwa ajili ya kurushwa kwenye televisheni. Zilipokuja DVD, kisha intaneti, kila wimbo ukadai malipo mapya, na wenye tamthilia wakaona bora wabadilishe. Nyimbo nyingi za ndani nazo ziliondolewa. Wimbo wa Paula Cole ulirudishwa kwenye Netflix mwaka 2021, lakini nakala zisizo nao bado zinazunguka.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Albamu ya Songs from Dawson's Creek ilitoka 1999, na mwaka uliofuata akaniletea hapa Tanga ikiwa imerekodiwa kwenye kaseti ya dakika 60, majina ya nyimbo kayaandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, herufi zimebanana. Mlikuwa na "Kiss Me" ya Sixpence None the Richer, Chantal Kreviazuk, Shawn Mullins, na Jessica Simpson angali msichana. "London Rain" ya Heather Nova iliangukia mwisho wa upande A, utepe ukaisha katikati ya neno. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule mzima, nikifika pale nasubiri ukatike.

Aliniletea na kanda za video alizorekodiwa kwenye televisheni na rafiki yake wa Baltimore. Mwisho wa kila sehemu ya tamthilia ilikuwa inatokea picha ya jalada la albamu, na sauti ikitaja wanamuziki waliosikika usiku ule. Ni sekunde chache tu. Nilikuwa nasimamisha kanda, nanakili majina kwenye daftari la jiografia.

Ndiyo maana nawaandikia waandaaji wa tamthilia zetu. Wiki iliyopita, katika tamthilia moja ya hapa nyumbani, binti anaagana na mama yake stendi. Basi linatoka, mama anabaki na mfuko wa machungwa aliosahau kumpa mtoto, na hapo anaingia dada mmoja akiimba na gitaa peke yake. Nililia. Kesho yake darasani kwangu wasichana walikuwa wanauimba, na hakuna aliyejua ni wa nani. Mimi nilikuwa nimekaa mpaka mwisho kabisa: jina la mpishi lilipita, la dereva likapita, la mwimbaji halikuwepo.

Naomba jina la wimbo na la mwimbaji yaandikwe kwa herufi zinazosomeka, kwa muda wa kutosha kuyanakili. Mkataba uandikwe tangu siku ya kwanza kwamba wimbo utabaki na tamthilia popote itakapoonyeshwa, na mwimbaji alipwe kwa hilo, si posho ya siku moja. Tamthilia ikiisha, itolewe albamu. Hata ikiwa ya kwenye intaneti tu, tutainunua.

Na kama yupo msomaji anayemjua yule dada aliyeimba pale stendi, tafadhali ataje jina lake kupitia safu hii.

Mwalimu wa sekondari,
Tanga