Risala ya Klabu ya Historia na Lugha kwa Mgeni Rasmi: Alfonso wa Kumi, Mfalme wa Castilla

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Klabu ya Historia na Lugha tunakushukuru kwa heshima kubwa kwa kuacha shughuli zako na kuja kutufungulia maonyesho yetu ya mwaka huu. Pale mlangoni umeona picha ya mfalme aliyeketi akiwasomea waandishi wake, na huenda ulijiuliza sisi wa huku tuna lipi na mfalme wa Hispania aliyefariki mwaka 1284. Naomba tuanze na hadithi ambayo wengi wetu tuliipata kwa bibi zetu, ile ya Punda wa Dobi.

Ndani ya hadithi hiyo kuna kima aliyepanda mgongoni mwa papa kwenda kumtembelea kwao. Walipofika katikati ya bahari aliambiwa kwamba sultani ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini, hivyo warudi wakauchukue, na papa akageuka. Alipofika salama, kima akamsimulia papa kisa cha punda wa dobi. Tuligundua kwamba kisa hiki kilitoka India, kikapita Uajemi, kikaingia katika kitabu cha Kiarabu cha Kalila na Dimna, na kwamba karibu na mwaka 1251 mwanamfalme kijana wa Castilla, ufalme uliokuwa katika Hispania ya leo, aliagiza kitabu hicho kifasiriwe kutoka Kiarabu. Kule, papa wetu ni kobe, lakini moyo umeachwa nyumbani vilevile, na baada ya kisa hicho anakuja punda yuleyule asiye na moyo wala masikio. Mwanamfalme huyo ndiye Alfonso.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Alfonso alizaliwa Toledo tarehe 23 Novemba 1221. Baba yake, Fernando wa Tatu, alikuwa mtu wa vita, aliyetwaa Córdoba mwaka 1236 na Sevilla mwaka 1248. Mama yake, Beatriz, alitoka katika ukoo wa watawala wa Kijerumani wa Swabia, na nasaba hiyo ya kuukeni ndiyo iliyokuja kumponza mwanawe. Alfonso alitawazwa mwezi Juni 1252, akiwa na umri wa miaka 30, akarithi nchi iliyopanuka haraka kuliko uwezo wa kuitawala, yenye Wakristo, Waislamu na Wayahudi, kila kundi likiwa na sheria zake na lugha yake ya ibada.

Jambo lililotuvutia zaidi ni namna kazi ya tafsiri ilivyofanyika. Aghalabu, msomi wa Kiyahudi aliyejua Kiarabu alikishika kitabu na kutamka maana yake kwa Kikastilia, yaani lugha ya sokoni na mashambani, kisha msomi wa Kikristo aliyekaa kando yake akayaandika maneno hayo kwa Kilatini. Kikastilia kilitamkwa na kupotea hewani, kama ngazi inayoondolewa mtu akishafika darini. Alfonso aliamuru ngazi yenyewe ihifadhiwe. Chini yake, elimu ya nyota, sheria, historia ya dunia na sifa za vito viliandikwa katika lugha ambayo watu wake waliizungumza. Naye hakuwa mtoa fedha tu, kwa maana katika dibaji ya kitabu kimoja cha falaki inaelezwa kwamba mwaka 1276 mfalme alifuta maneno yaliyozidi na kuinyoosha lugha yeye mwenyewe. Mahali pengine imeandikwa kwamba mfalme husemwa ametunga kitabu hata kama hakushika kalamu, kwa sababu yeye ndiye anayepanga hoja na kuzisahihisha. Walimu wetu wa Kiswahili, wanaorudisha insha zetu zikiwa zimejaa wino mwekundu, walifurahi sana kusikia hayo.

Tulipokuwa tukisoma tulikutana na maneno tusiyohitaji kamusi kuyatambua. Wahispania husema azúcar, sisi sukari. Wao aceituna, sisi zeituni. Wao hasta, sisi hata. Alcalde wao, ambaye leo ni meya, ni neno lilelile lililotupa kadhi. Kiarabu kilifika kwetu na kwao kwa njia mbili zilizo mbali kabisa, kikaacha mizigo inayofanana.

Kati ya kazi zote za baraza lake, zilizosafiri mbali zaidi ni zile zinazoitwa Majedwali ya Alfonso, za kukokotolea mwendo wa jua, mwezi na sayari. Msingi wake ni kazi iliyofanywa Toledo kati ya mwaka 1263 na 1272 na Wayahudi wawili, Yehuda ben Moshe na Isaac ben Sid. Humo, urefu wa mwaka ni siku 365, saa 5, dakika 49 na sekunde 16, hesabu inayopishana na ya leo kwa takribani nusu dakika, nao hawakuwa na darubini. Majedwali hayo yalichapwa Venice mwaka 1483, na Copernicus, mwanafalaki aliyefundisha kwamba dunia huzunguka jua, alikuwa na nakala yake. Kitabu chake kikubwa cha sheria, Siete Partidas, kilipata nguvu rasmi mwaka 1348, miaka 64 baada ya kifo chake, kisha kikavuka bahari pamoja na Wahispania hadi Amerika. Kuna pia nyimbo zaidi ya 400 za kumsifu Bikira Maria, ambazo alizitaka katika Kigalisia, kwa kuwa ndiyo lugha iliyopendwa na washairi wa wakati huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tungeishia hapo, risala yetu ingekuwa nzuri lakini isiyo ya kweli. Klabu ilibishana kwa vipindi viwili kama mtu huyu anastahili jina alilopewa na watu wake, Mwenye Hekima, na waliopinga walikuwa na hoja nzito.

Mwaka 1257, kwa sababu ya nasaba ya mama yake, baadhi ya wakuu wa Ujerumani wenye haki ya kuchagua mtawala walimchagua kuwa Mfalme wa Warumi, cheo cha kuelekea taji la kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi, huku wengine wakiwa wamemchagua Mwingereza, Richard wa Cornwall. Kwa miaka 18 Alfonso alimwaga fedha za Castilla akilifukuzia taji hilo, hadi mwaka 1275, alipokutana na Papa Gregory wa Kumi huko Beaucaire na kukubali kwamba halipati. Hakuwahi kukanyaga Ujerumani. Nyumbani, sarafu ilipunguzwa thamani na bei zikapanda. Mfalme alipopanga bei za lazima, bidhaa zikatoweka sokoni, jambo ambalo wazazi wetu hapa hawahitaji kuelezwa. Waislamu wa Andalucía na Murcia waliasi mwaka 1264, na baada ya uasi huo kuzimwa wengi walifukuzwa katika miji yao. Mwaka 1272 ikawa zamu ya makabaila, akiwemo ndugu yake Felipe, waliohamia kwa adui yake, mfalme Mwislamu wa Granada.

Kisha ukaja mwaka 1275, ambao sisi tuliuita mwaka wa mikosi. Alfonso akiwa safarini kuomba taji lisilo lake, mwanawe na mrithi wake, Fernando, alifariki njiani akienda kuwakabili Wamarini, watawala wa Moroko, waliovuka bahari kutoka huko. Je, ufalme uende kwa wana wa marehemu, au kwa Sancho, mdogo wa marehemu huyo? Katika mvutano huo, na kwa maradhi ya uso yaliyomvimbisha na kumtesa, mfalme alibadilika. Mwaka 1277 aliamuru ndugu yake Fadrique auawe bila kufikishwa mbele ya hakimu, yeye aliyekuwa ameandikisha sheria zinazodai hukumu ya haki. Mwaka 1281 aliamuru Wayahudi wa ufalme wake wakamatwe siku ya Sabato, wakiwa katika masinagogi, mpaka walipe fidia, ilhali Wayahudi ndio waliompa majedwali yake. Hapo upande uliomtetea katika mjadala wetu ulikaa kimya, na tunaona walifanya vyema.

Mwaka 1282 mkutano wa wakuu wa nchi mjini Valladolid ulimpokonya madaraka na kumkabidhi Sancho, yeye akabaki na jina la mfalme tu. Sevilla na Murcia zilibaki naye. Alimlaani mwanawe na kumnyima urithi, kisha akaweka taji lake rehani kwa sultani wa Wamarini, watu walewale aliopigana nao, ili apate fedha na askari.

Katika hali hiyo, mwaka 1283, huko Sevilla, alikamilisha kitabu cha michezo. Dibaji yake inasema michezo ya kukaa iliwekwa kwa ajili ya wasioweza kupanda farasi, wazee na dhaifu, waliofungwa na walio safarini baharini. Unapoyasoma hayo unajua nani anazungumza. Humo mna mafumbo 103 ya sataranji, yenye picha za rangi za Waislamu, Wayahudi na Wakristo wakicheza pamoja.

Fumbo la kwanza la kitabu hicho tumelipanga kwenye meza iliyo mbele yako. Ubao tumeukata kwenye boksi la kartoni, na kete ni vifuniko vya chupa vilivyopakwa rangi. Utaona kwamba hakuna malkia, kwa sababu mahali pake yupo waziri anayekwenda nyumba moja tu kwa mshazari, na askofu wa leo ni tembo, anayeruka nyumba mbili. Kwa kuwa klabu ina ubao huo mmoja na wanachama wanapanga foleni, tunaomba, kwa unyenyekevu, utusaidie kupata seti mbili za sataranji.

Alfonso alifariki Sevilla tarehe 4 Aprili 1284, na Sancho akatwaa ufalme licha ya laana. Mwili wa Alfonso ulizikwa mjini humo, karibu na wazazi wake. Alikuwa ameusia kwamba moyo wake upelekwe Jerusalem, lakini safari hiyo haikufanyika. Leo wageni wanaozuru kanisa kuu la Murcia huonyeshwa mahali ulipohifadhiwa, katika mji uliompa utii akiwa kijana na kubaki naye hadi mwisho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba usogee mezani utuchezee hatua ya kwanza. Nyeupe inaanza.

Tunaomba kuwasilisha.