Barua kutoka Newala: jicho la mama

Somo yangu,

Salaam nyingi. Uliniuliza kwenye simu mama anaendeleaje nikakwambia nitaandika, maana habari yenyewe haienei kwenye vocha ya mia tano.

Mtoto wa jicho katolewa, jicho la kulia. Miaka miwili tumehangaika na matone ya duka moja hapa mjini, kila chupa tunaambiwa hii ndiyo itakayosafisha. Kumbe hakuna cha kusafisha: lenzi ya jicho lenyewe ndiyo imeingia ukungu, na dawa yake ni kuitoa. Hayo nimeyajua kwenye kambi ya macho, kwa mzee aliyempasua.

Mzee huyu ni wa huku huku kwetu, na nimemchimba mpaka akachoka. Mwaka 1978, Amin alipovamia Kagera, yeye alikuwa mgambo, akapelekwa mbele. Kazi yake kubeba majeruhi. Machi 1979 walikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, kwenye ile barabara inayokatisha kinamasi baada ya Masaka, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakawashushia roketi, mgambo wengi wakatawanyika. Usiku ule alimwongoza mwenzake aliyeumia macho, amefungwa kitambaa, wameshikana ncha mbili za mkanda wa bunduki. "Jua limeshafika utosini," akaniambia, "yeye bado ananiuliza, kumekucha?"

Hakuongeza neno. Akaomba chai.

Aliporudi alisomea utabibu, akapanda ngazi polepole, mwisho akaenda hospitali ya KCMC, Moshi, kusomea macho. Sasa kastaafu, lakini kambi ikiwekwa haombwi mara mbili.

Mama aliposikia atawekewa lenzi ya plastiki alikataa katakata. Unamjua. Mzee akavuta kiti, akamsimulia habari za Mwingereza mmoja, Harold Ridley. Vita Kuu ya Pili, marubani walikuwa wakiletwa hospitali na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege machoni, na daktari huyu akaona jicho linakaa na plastiki ile bila ugomvi. Mwaka 1949, London, akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Madaktari wenzake walimbeza miaka na miaka. Uzeeni naye akaja kuwekewa yake. Kabla ya hapo, ukitolewa mtoto wa jicho unapewa miwani minene kama kitako cha chupa. Unakumbuka ya marehemu bibi? Basi mama alipokumbushwa miwani ile akasema, "Niwekee hiyo ya vita."

Sindano ya ganzi pembeni ya jicho, mama yuko macho, anaongea. Mara kaambiwa anyamaze, anatikisa kichwa! Kesho yake bandeji ikatolewa. Akamkazia macho daktari, akasema, "Kumbe mzee hivi? Sauti yako ya kijana."

Nyumbani sasa hatupumui. Siku ya kwanza kaona buibui wa darini. Ya pili kachukua ungo, kachambua mchele mwenyewe, kaniwekea kokoto kumi na moja mezani, kimya, moja moja.

Mlete mjomba naye atazamwe macho kabla watu hawajaanza kupuliza salfa kwenye mikorosho; vumbi lile si rafiki wa jicho bichi. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, nimempa kondakta wa basi la asubuhi, kipolo cha bluu. Kakipokee usiku huo huo, makondakta hao huwajui.

Ni mimi somo wako