Baba amekataa kifaa cha moyo, tumlazimishe?

Daktari, salaam.

Baba yangu ana miaka 67. Moyo wake umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa: kipimo cha mwisho cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kilionyesha kila pigo linasukuma nje asilimia 28 tu ya damu iliyojaa humo, wakati moyo wenye afya huanzia kama 55. Dawa anameza zote, hata siku moja haruki, na zimemsaidia kweli. Miguu haivimbi tena, na usiku analala kitandani badala ya kukesha kitini. Ila ile asilimia imegoma kupanda. Ndipo daktari wake akashauri awekewe kifaa cha kushtua moyo, kile kinachofukiwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, waya ukipitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Baba akasema hapana.

Tulidhani anaogopa kisu. Sicho. Kwanza anajisikia vizuri: “Mgonjwa gani huyo anayepanda ngazi bila kupumzika?” Kumjibu ni kazi, maana kifaa chenyewe hakimpunguzii mtu kuchoka wala kuhema. Kinakaa tu kikisubiri siku mapigo yatakapovurugika. Halafu kliniki alikutana na mzee mwenzake ambaye kilimshtua akiwa macho, bila sababu, akahisi kama punda kampiga teke kifuani. Tangu hapo Baba hushika pale chini ya mtulinga kila tukilitaja jambo hili.

Lakini sababu kubwa aliitoa jioni moja tukiwa wawili. “Babu yenu alilala hakuamka. Mlango huo msinifungie.” Sikuwa na la kusema. Nimesoma kwamba moyo dhaifu huua kwa njia mbili, ghafla au taratibu huku maji yakijaa mwilini, na kifaa hiki huzuia ile ya ghafla. Kwa hiyo hajakosea. Anajua anachokikataa.

Kaka yangu mkubwa haelewi kabisa. Kwake huku ni kujiua, na anataka kuwaita baba wadogo waje wamkalishe chini. Alimletea Baba takwimu za utafiti mkubwa uliochapishwa 2005: baada ya miaka 5, katika kila wagonjwa 100 wasiokuwa na kifaa walikufa kama 36, na waliokuwa nacho 29. Baba akavaa miwani, akasoma, akauliza, “Kwa hiyo 64 walikuwa hai bila hicho kidude?” Kaka akaona anafanyiwa mzaha. Mimi sidhani. Hesabu ni ile ile, kila mmoja anaisoma kutoka upande wake.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Baba anaamini kikishawekwa hakizimiki, na kwamba siku ya mwisho kitaendelea kumpiga wakati yeye anajaribu kuondoka. Mimi nimesoma kuwa kinaweza kuzimwa ule uwezo wa kushtua kwa mashine ya nje, bila upasuaji, mgonjwa mwenyewe akitaka. Kliniki hakuna aliyemweleza hilo. Alipewa kikaratasi chenye mchoro wa moyo na mishale, akaambiwa akafikirie.

Sasa, Daktari, naomba unisaidie. Nikimweleza hili la kuzima, ataona nimetumwa na kaka? Au nimwombe daktari wake amweleze mwenyewe, mimi nikiwa nje ya chumba? Na akishaelewa yote hayo bado akakataa, je, ataendelea kupewa dawa na kuhudumiwa kama kawaida, na akibadili mawazo baadaye ataruhusiwa kurudi kuomba? Pia nieleze namna ya kuongea na kaka. Baba wadogo wameshaalikwa, na kliniki ni mwezi ujao.

Msomaji wako,
Binti wa katikati