Barua ya wazi kwa wenzangu wa chama cha kuzikana, baada ya yale ya Jumamosi

Kamwene, wanyalukolo.

Nawaandikia nyote mliokuwa makaburini Jumamosi ile, na hasa ninyi vijana mlioingia chama miaka hii ya karibuni, ambao kuchimba mnajua ila misiba bado hamjaizoea. Kwenye mkutano nilinyamaza. Mwenyekiti alinitazama mara mbili nikajifanya nasinzia, maana hasira ilikuwa haijashuka, na mzee mwenye hasira husema ya kujutia. Sasa imeshuka.

Nianze na kilichotokea, kwa sababu pale kilabuni kinasimuliwa kwa namna tatu tofauti. Jirani yetu fundi baiskeli alikuwa ameshateremshwa. Dada yake, ambaye hata mimi ananizidi umri, akasogea na kibakuli cha unga wa ulezi uliokorogwa na maji, akachuchumaa ukingoni, akaanza kuwataja wazee wa ukoo wao ili awakabidhi kaka yake. Hajafika jina la tatu, kijana wetu mmoja akamdaka mkono: hapa hatufanyi mambo ya mizimu! Unga ukamwagikia kanga ya mjane aliyekuwa ameketi mkekani. Mwingine akaona hapo ndipo pa kuhubiri, akasema marehemu hakuokoka na kila mtu anajua aliko sasa. Watu wawili wakatupa majembe wakaenda zao. Mjane hakusema neno. Alikuwa anakwangua ule unga kwa ukucha, polepole, kama anayetoa tope lililokauka kwenye nguo ya mtoto.

Nimechimba makaburi na chama hiki tangu miaka ya 1980, na mgongo wangu ni shahidi. Waislamu wetu ndio walionifundisha kuchimba mwanandani: ukishafika kina unachimba tena nafasi ya ndani, mwili unalazwa humo na sanda yake kwa ubavu wa kulia, unaelekezwa kibla, mbao zinapangwa juu ndipo udongo urudi. Kutoka hapa Iringa kibla ni kaskazini, kwa hiyo kichwa kinakaa mashariki. Wakristo wengi tunawalaza kichwa magharibi, ili siku ya kuamka walitazame jua linakochomoza. Ndiyo maana pale kwetu, chini ya milingoti, ile mikaratusi, wafu wamelala mzungu wa nne kama watoto wa nyumba yenye kitanda kimoja. Udongo ni ule ule mwekundu unaogoma kutoka kwenye soli za viatu.

Na wanaobaki juu, kila mmoja na lake. Mkatoliki atamwombea marehemu misa, na tarehe 2 Novemba utamkuta anapalilia kaburi, kwa sababu kwake aliyekufa anaweza kuwa toharani, mahali pa kutakaswa kabla ya mbinguni, na sala zinamfikia. Sisi Walutheri toharani hatunayo. Tunamwachia Mungu, tunaimba, tunarudi nyumbani. Msabato atakufungulia Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote: mtu amelala usingizi mpaka parapanda. Mwislamu anajua ndugu yake ameingia barzakhi, kipindi cha kati ya kifo na ufufuo, na malaika Munkar na Nakir watamjia kumhoji. Basi wengine humsomea talkini, maneno ya kumkumbusha imani yake, pale pale ili asibabaike na majibu, na wengine, Waislamu vilevile, wanasema jambo hilo halina msingi. Nao wazee wetu wa Kihehe walisema aliyekufa haendi mbali. Anaingia kwa masoka, yaani mizimu ya wahenga, anakuja ndotoni, anauliza mbona mmenyamaza.

Sisemi yote hayo ni kitu kimoja. Hilo husemwa na mtu anayetaka kukwepa mjadala akalale. Hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja, na mimi nina upande wangu, naushika. Jirani yangu Msabato nami tulimaliza jioni mbili kwenye benchi langu tukibishania koma. Luka 23:43, Yesu anamwambia yule mhalifu: nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. Mwenzangu anasema koma ikae baada ya "leo", yaani leo ndiyo siku ya kuahidiwa, pepo yenyewe ni baadaye. Kwenye maandishi ya kale ya Kigiriki koma hazikuwapo, hivyo hakuna aliyemshinda mwenzake. Mke wangu alituletea makande, akauliza kama yule mhalifu naye alikuwa na shida na koma. Mijadala ya namna hiyo naipenda. Benchi bado lipo, njooni na Biblia, njooni na Kurani.

Lakini pale ukingoni pana mama ambaye miaka arobaini amepika chakula cha watu wawili, na jioni ile atapima unga wa mtu mmoja. Unapotangaza mumewe aliko, marehemu humpunguzii wala kumwongezea kitu, hata kwa imani yako mwenyewe. Kwako wewe mlango umeshafungwa. Maneno yote anayapokea mama. Mnajua kwamba hajatoka nje tangu Jumapili?

Mimi si msafi katika hili. Mwaka 1968 nilikuwa na miaka 21, mwalimu wa shule ya Jumapili, suruali imepigwa pasi. Bibi yangu aliniomba nimbebee kibuyu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hadi kaburini kwa babu kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kumkatalia. Alitaka mkono wangu, nikampa mstari wa Biblia. Akaenda peke yake. Nilimwona kwa mbali kule bondeni anapumzika kila hatua kumi, kibuyu anakiweka chini, anakiinua, anakiweka tena. Alifariki kabla ya mvua zilizofuata. Dhambi niliyoikwepa siku ile hata leo siioni sawasawa. Niliyoitenda naiona vizuri.

Kuna jambo jingine nalikumbuka kila tunapobishana. Mkwawa, Mtwa yaani mtawala wetu Wahehe, alijipiga risasi Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani. Wakamkata kichwa, wakakipeleka kwao. Mwili wake uko Mlambalasi. Vita vya kwanza vya dunia vilipoisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaandikwa na kifungu cha 246: Ujerumani irudishe fuvu hilo katika miezi sita. Miezi sita ile ikawa miaka mingi. Ni miaka ya 1950 ndipo Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda makumbusho ya Bremen, wakapima mafuvu, wakachagua lenye tundu la risasi, likaletwa Kalenga mwaka 1954, na hapo ndipo lilipo hadi leo. Nilikuwa na miaka saba. Baba alinipakia kwenye baiskeli tukaenda. Nakumbuka miguu ya watu zaidi ya nyuso. Walikuwapo wenye kofia za msikitini, wenye rozari, na wazee waliokuja na masoka yao kichwani. Wangeulizana roho ya Mtwa iko wapi, tungekuwa pale mpaka sasa. Walikuja kupokea mtu wao. (Siku ya ufufuo ataunganikaje, kichwa Kalenga na mwili Mlambalasi, ni swali nililomsumbua nalo baba njia nzima ya kurudi. Alinyonga baiskeli tu.)

Basi ninachoomba ni hiki. Makaburini mwenye msiba ndiye msemaji. Kama kuna tendo dhamiri yako inalikataa, usilitende, na hakuna atakayekulazimisha. Sogea kule kwenye milingoti, geuka utazame barabara, likiisha rudi ushike jembe. Wenzetu Waislamu wamefanya hivyo tukiimba, sisi tumefanya hivyo wakisoma, na kaburi halikuwahi kubaki wazi.

Yule kijana aliyemdaka bibi mkono, wala simtaji, aende kwa dada wa marehemu. Asiende na mchungaji. Aende na debe la ulezi.

Na katika daftari letu, lenye michango ya mahindi, kuni na pesa ya sanda au jeneza, nimechora safu mpya. Kila mwanachama aandike mwenyewe, angali na nguvu, anataka azikwe vipi na nani aseme nini. Ugomvi mwingi wa makaburini ni wa watoto wanaobishania mapenzi ya baba ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza.

Langu nimeshaandika. Kichwa magharibi. Mchungaji aongoze ibada, iwe fupi kama ni Julai, baridi ya huku mnaijua. Shangazi zangu waliobaki wakitaka kumwaga unga, wamwage, mimi sitakuwa na nafasi ya kubishana nao. Atakayeshuka kaburini kunipokea ni Mwislamu wangu wa jirani, kwa sababu nimeshuka kuwapokea wazazi wake wote wawili na ananidai. Ulanzi uwepo kama ni msimu. Kama ni kiangazi msihangaike.

Daftari liko kwa katibu. Kalamu nimeifunga kwa uzi, maana zile mbili za mwanzo mliondoka nazo.