Dhuluma kwa wazee zianze kuandikwa kabla ya maiti

Mhariri,

Kila takwimu za wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi huku Pwani zinapotolewa, swali huwa ni lile lile: zimepanda au zimeshuka? Zikishuka, watu wanapumua. Mimi sipumui. Hesabu hiyo huanzia kwenye maiti, na mzee hadi afikie kukatwa panga huwa ameshadhulumiwa muda mrefu.

Sisi wa Mombasa tumezoea kusema hayo ni mambo ya Kilifi, ya huko Ganze na Kaloleni. Lakini wazee wakitishwa huko hukimbilia kwa watoto wao huku Kisauni na Likoni. Bibi mmoja jirani yangu alikuja hivyo. Mvi zikichungulia tu anapaka piko, wala si urembo: kwao mvi na macho mekundu vyatosha kumpa mtu jina la mchawi. (Uchawi kisingizio. Anayeitwa mchawi mara nyingi ndiye mwenye shamba, na wanaomwita ni warithi waliochoka kungoja.)

Hapa mjini ameepuka panga, ila pesa yake ya Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za mwezi ambazo serikali huwapa wazee, huingia kwenye simu anayokaa nayo mjukuu. Alipoiulizia alisukumwa, akaanguka. Tulimpeleka kituoni. Askari wa zamu hata OB, lile daftari la polisi la kuandikia matukio, hakuifungua: "Mama, haya ya nyumbani, nendeni mkayamalize."

Basi bibi huyu hayumo katika takwimu yoyote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hudhulumiwa kwa namna fulani ndani ya mwaka, na kwamba ni kisa 1 tu kati ya 24 kinachoripotiwa. Mauaji yapungue, hilo halina mjadala. Lakini ripoti za kupigwa, kutishwa na kunyang'anywa zikipanda, mimi nitafurahi, maana wazee watakuwa wamepata wa kuwasikiliza.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Ninachoomba ni kidogo: malalamiko ya mtu aliyepita miaka 60 yaandikwe OB kabla hayajapelekwa kwa chifu au kwenye kikao cha ukoo, na umri wake utajwe. Kama kuna ugomvi wa shamba, nao uandikwe. Familia ikitaka suluhu, na isuluhishwe, mradi mzee ana nambari yake ya OB mkononi.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa